Rangi Zinazomfichua Adui Asiyeonekana

Mgonjwa mwenye homa afikapo zahanati, mara nyingi hutobolewa kidole, tone la damu yake likapakwa juu ya kipande cha kioo, naye akaambiwa angoje. Wako wanaokasirika. Huuliza kwa nini wacheleweshwe, ilhali homa yajulikana tangu enzi za mababu, na dawa zaonekana zimepangwa rafuni. Hawajui kwamba nyuma ya mlango wa chumba cha kupimia damu ile inatiwa rangi, na kwamba bila rangi hiyo mpimaji asingeweza kuwajibu kwa yakini.

Watu wengi hudhani rangi ni kitu cha kupambia nguo, nyumba na mikeka. Katika kazi ya udaktari rangi ni shahidi. Huonyesha kijidudu kiko wapi, ni cha namna gani, na mara nyingine hata wingi wake. Yafaa basi kila mtu afahamu jinsi kazi hiyo ilivyoanza, jinsi inavyofanywa, na jinsi mgonjwa mwenyewe awezavyo kuisaidia au kuiharibu.

KWA NINI HADUBINI PEKE YAKE HAITOSHI

Chombo cha kutazamia vitu vidogo sana huitwa hadubini. Hadubini itumikayo kupimia damu hukuza kitu mara 1,000. Hivyo ndivyo inavyopasa, kwa maana chembe nyekundu ya damu ni ndogo hata chembe 130 zikipangwa mstari mmoja, zikigusana, urefu wa mstari huo ni kama milimita moja tu. Kidudu cha malaria huingia ndani ya chembe hiyo na kuifanya nyumba yake.

Lakini udogo si taabu pekee. Vijidudu vingi, na sehemu nyingi za mwili wa binadamu zikikatwa vipande vyembamba, havina rangi. Mwanga hupita ndani yake kama upitavyo katika maji safi. Kuvitafuta ni kama kutafuta kigae cha kioo kilichoangukia mtungini: mkono waweza kukigusa, lakini jicho halikioni.

Katika miaka ya 1670 mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliona viumbe vidogo sana kwa lenzi alizozisugua mwenyewe. Hata hivyo miaka 200 ikapita kabla wataalamu hawajaweza kusema ni kijidudu gani kiletacho ugonjwa gani. Hata kidudu cha malaria kilipoonekana mara ya kwanza, tarehe 6 Novemba 1880, kilionekana kwa shida. Aliyekiona ni Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, huko Constantine katika nchi ya Algeria. Alikuwa akitazama damu isiyotiwa rangi, akaona kitu kikicheza-cheza. Alipowatangazia wenzake, wengi walisita kumwamini kwa miaka kadhaa, kwa sababu wao walipotazama hawakuona alichokiona. Palihitajika njia ya kumwezesha kila mtu aone kitu kile kile.

RANGI ZA NGUO ZAINGIA HOSPITALINI

Rangi za kwanza zilizotumiwa na wataalamu wa hadubini zilitoka kwa watia rangi wa nguo. Moja ilipatikana kwa kuponda wadudu wadogo waishio juu ya mpungate huko Mexico. Nyingine ilitoka katika moyo wa mti umeao Mexico na Amerika ya Kati, nayo huitwa hematoksilini. Hiyo ya pili inatumika hata leo katika hospitali za dunia nzima.

Mwaka 1856 lilitokea jambo ambalo halikutazamiwa. Kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, mwanafunzi wa kemia mjini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa dawa kubwa ya malaria, kutokana na vitu vipatikanavyo katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi, na alipousafisha kwa spiriti ukatoa rangi nzuri ya zambarau. Perkin akaacha masomo, akafungua kiwanda cha rangi. Wengine wakamfuata, hasa katika Ujerumani, na baada ya miaka michache viwanda vilikuwa vikitoa rangi nyingi mpya. Mojawapo, buluu ya methilini, ilitengenezwa mwaka 1876 na Heinrich Caro. Kwa hiyo yule aliyetafuta dawa ya malaria akaikosa ndiye aliyefungua njia ya kupatikana rangi zilizokuja kumfichua kidudu cha malaria.

JINSI RANGI INAVYOSHIKA

Mama asukaye mikeka ya Pwani anajua kwamba ukindu ukichemshwa pamoja na rangi huishika. Mpishi naye anajua kwamba bizari ya manjano ikimwagikia kanzu nyeupe haitoki kwa kuoshwa mara moja, lakini ikimwagikia sahani huondoka mara. Rangi moja, vitu viwili, na matokeo mbalimbali. Ndiyo siri ya kazi hii yote: kila rangi huchagua mahali pa kushika.

Baadhi ya rangi zina tabia ya tindikali, kama ile ya siki au ndimu. Nyingine zina tabia ya kinyume, kama ile ya magadi. Vitu vya namna hizi mbili huvutana. Ndani ya kila chembe ya mwili iliyo na kiini, kiini hicho kina asidi, nayo huvuta rangi zenye tabia ya magadi, kama vile buluu ya methilini. Lakini ile sehemu ya damu iifanyayo kuwa nyekundu huvuta rangi zenye tabia ya tindikali, kama vile eosini, ambayo ni ya waridi. Basi mtu akitia rangi zote mbili, kila moja huenda kwa mwenziwe, na kitu kilichokuwa kama maji huonekana kama ramani yenye mipaka.

Mwaka 1891 daktari wa Kirusi, Dmitri Romanowsky wa St Petersburg, alichanganya buluu ya methilini na eosini, akaona ajabu. Mwili wa kidudu cha malaria uligeuka buluu, lakini kiini chake kikawa chekundu-zambarau, rangi ambayo haikuwamo katika chupa ile wala hii. Mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg, Ujerumani, alitangaza namna bora ya kuutengeneza mchanganyiko huo ili ukae bila kuharibika upesi. Mchanganyiko wa Giemsa ndio utumikao mpaka leo kupimia malaria.

KAZI IFANYWAYO WAKATI MGONJWA ANANGOJA

Mpimaji huweka damu juu ya kioo kwa namna mbili. Kwanza hufanya doa nene, kwa kukoroga tone la damu likaenea kadiri ya kitufe cha shati. Pili huivuta damu kwa ukingo wa kioo kingine mpaka ikawa utando mwembamba. Utando mwembamba hutiwa spiriti ya methili ili chembe zikazwe mahali pake. Doa nene halitiwi spiriti, kwa makusudi: maji ya rangi yakilifikia huzipasua chembe nyekundu, na vidudu hubaki wazi.

Vyote viwili vikisha kukauka hutiwa rangi ya Giemsa. Ikiwa rangi ni kali, dakika 10 mpaka 15 zatosha. Ikiwa imezimuliwa zaidi, yahitaji dakika 30 au zaidi. Kisha kioo huoshwa polepole, hukaushwa, hutiwa tone la mafuta na kuwekwa chini ya hadubini. Doa nene husaidia kujua kama vidudu vimo, kwa sababu damu nyingi hutazamwa mara moja. Utando mwembamba husaidia kujua ni vidudu vya aina gani, na jambo hilo ni kubwa, maana aina moja huua upesi kuliko nyingine.

Asipoona kitu, mpimaji haruhusiwi kusema "hakuna" kwa kutazama mara moja tu. Hana budi kusogeza kioo na kutazama angalau sehemu 100 mbalimbali. Hapo ndipo zinapokwenda zile dakika ambazo mgonjwa barazani huzihesabu kwa manung'uniko.

RANGI ISIYOOSHEKA: KIFUA KIKUU

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch aliwaonyesha wenzake kijidudu cha kifua kikuu. Kabla ya hapo watu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi tu, na hakuna aliyeweza kuonyesha chanzo chake. Koch alikiona kwa kukitia rangi. Hata leo tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kijidudu hicho kina ukuta wenye mafuta mazito kama nta, na kwa hiyo rangi haikiingii kwa urahisi. Lakini ikisha kuingia, haitoki kwa urahisi vilevile. Aliyelitambua jambo hilo mwaka ule ule wa 1882 ni Paul Ehrlich, naye alikuwapo siku Koch aliposema. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaitengeneza njia hiyo zaidi, nayo ikaitwa kwa majina yao wawili.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Makohozi hupakwa juu ya kioo na kukaushwa. Hutiwa rangi nyekundu iitwayo fuksini, kisha kioo hupashwa moto kwa chini mpaka mvuke utoke, lakini rangi isichemke. Kioo kikisha kuoshwa, hutiwa tindikali iliyochanganywa na spiriti, ambayo huondoa wekundu katika kila kitu isipokuwa kijidudu cha kifua kikuu na jamaa zake wachache. Mwisho hutiwa buluu ya methilini. Mpimaji akitazama huona uwanja wa buluu, na juu yake vijiti vidogo vyekundu. Mgonjwa mwenye vijiti hivyo katika makohozi aweza kuwaambukiza watu wa nyumba yake kila akohoapo, na akianza dawa mapema huwaokoa nao pia.

Ehrlich mwenyewe alikuja kupatwa na ugonjwa huo, na vijidudu vilionekana katika makohozi yake kwa njia ambayo yeye alishiriki kuitengeneza. Alikwenda Misri mwaka 1888 kupumzika, akapona na kurudi kazini.

MAKUNDI MAWILI

Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alikuwa akifanya kazi Berlin katika mapafu ya watu waliokufa kwa homa ya mapafu. Alitia rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha akaosha kwa spiriti. Baadhi ya vijidudu vilibaki na zambarau, vingine vikaipoteza. Gram aliandika kwamba njia yake ina kasoro, akawaalika wengine wairekebishe. Baadaye iliongezwa rangi nyekundu ya mwisho, ili wale waliopoteza zambarau waonekane kwa wekundu.

Leo njia hiyo huwagawanya bakteria wengi katika makundi mawili kwa kadiri ya ujenzi wa kuta zao. Faida yake ni kubwa. Mtoto akiletwa na homa kali, shingo imekakamaa, daktari huogopa ugonjwa wa uti wa mgongo. Huvuta maji kidogo ya mgongoni, na maji hayo hutiwa rangi ya Gram. Baada ya dakika chache tu daktari aweza kupata dalili ya aina ya kijidudu na kundi la dawa lifaalo. Ingalimpasa kungoja vijidudu vioteshwe kwa siku moja au mbili, huenda mtoto asingefika.

RANGI ZAFUNDISHA KUTENGENEZA DAWA

Ehrlich alijiuliza swali lililobadili udaktari: ikiwa rangi yaweza kumchagua kijidudu na kumwacha mwenye mwili, je, haiwezi kupatikana rangi imwuayo kijidudu bila kumdhuru mwenye mwili? Mwaka 1891, pamoja na mwenzake Guttmann, aliwapa wagonjwa wawili wa malaria buluu ya methilini, na hali zao zikapata nafuu.

Wakati huo ugonjwa wa malale, uletwao na mbung'o, ulikuwa karibu kuleta msiba mkubwa kandokando ya Ziwa Victoria. Tangu karibu na mwaka 1900 watu wengi sana walikufa katika Uganda na pande za jirani. Koch mwenyewe alikwenda katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906, kuuchunguza. Huko Ulaya, mwaka 1904, Ehrlich na mwenzake Mjapani, Kiyoshi Shiga, walikuwa wamepata rangi nyekundu iliyoua vidudu vya jamii ya malale katika panya. Baadaye rangi ya buluu ya jamii hiyo ilipatikana Ufaransa. Haikuwa dawa ya binadamu, lakini ilipata kazi nyingine. Chembe iliyo hai huifungia mlango isiingie. Chembe iliyokufa haiwezi, nayo hugeuka buluu. Kwa hiyo watafiti huitumia hata leo kuhesabu chembe zilizo hai na zilizokufa wanapojaribu dawa mpya.

Mwaka 1935 daktari Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza kwamba rangi nyekundu iitwayo Prontosil huponya magonjwa ya bakteria. Huo ulikuwa mwanzo wa dawa za salfa, ambazo ziliokoa watu wengi kabla penisilini haijaenea.

RANGI HAIWEZI YOTE

Haifai kusifu chombo chochote kupita kiasi. Ili vijidudu vya kifua kikuu vionekane kwa hadubini, yapaswa viwemo kiasi cha 5,000 mpaka 10,000 katika kila mililita moja ya makohozi. Vikiwa vichache kuliko hivyo, kioo chaweza kuonekana safi na hali mtu ni mgonjwa. Kwa sababu hiyo siku hizi kuna mashine zitafutazo alama za urithi za kijidudu chenyewe, nazo huona zaidi. Kuna pia rangi zing'aazo gizani zikimulikwa kwa taa maalumu, na kwa malaria kuna vipimo vya haraka visivyohitaji hadubini.

Hata hivyo rangi hazijaachwa. Kipande cha uvimbe kikatwacho ili kupima saratani bado hutiwa hematoksilini na eosini kama zamani. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alipoandika habari za uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika, ilikuwa kwa kutazama vipande vilivyotiwa rangi ndipo wataalamu walipotambua kwamba ni saratani ya namna ya pekee, ambayo sasa huitwa kwa jina lake.

SEHEMU YA MGONJWA MWENYEWE

Mpimaji awe hodari namna gani, hawezi kuona kisicholetwa. Atakiwaye kutoa makohozi na ayatoe kifuani kwa kukohoa kwa nguvu, asiteme mate ya kinywani. Makohozi ya alfajiri, kabla ya kula, ndiyo bora. Na atoe makohozi hayo nje penye hewa, mbali na watu.

Mwenye homa asimeze vidonge vilivyobaki nyumbani kabla ya kupimwa. Dawa kidogo yaweza kupunguza vidudu hata visionekane, na ugonjwa usiponywe. Tena asikasirike akiambiwa hana malaria, wala asiende kununua dawa ya malaria kwa siri. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa, kwa sababu si kila homa ni malaria. Iko homa ya mapafu, iko homa ya matumbo, uko ugonjwa wa uti wa mgongo. Mtoto mwenye homa ya mapafu akipewa dawa ya malaria, siku mbili zitapita wazazi wakitumaini, na siku hizo mbili zaweza kuwa ndizo alizokuwa nazo.

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Adui huyu yu karibu zaidi ya nguo, yu ndani ya damu na ndani ya kifua, wala jicho halimwoni. Aambiwaye angoje barazani na angoje kwa subira, kwa maana dakika zile ndizo wakati ambao rangi inashika na adui anaanza kuonekana.